Njia ya Mgongoni: Maji na Barabara za Ufipa

Katikati ya mwaka 1873 msafara wenye mzigo usio wa kawaida ulifika kusini mwa Ziwa Tanganyika. Mzigo wenyewe, uliofungwa kwa nguo, magome ya mti na turubai, ulikuwa maiti ya David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo siku hizi ni Zambia. Viongozi wa msafara, Abdallah Susi na James Chuma, walikuwa wamekwisha kukata shauri kumfikisha pwani. Lililobaki lilikuwa swali la kila mpagazi wa zama zile: tupite wapi?

Njia moja walikuwa wanaifahamu kuliko walivyopenda. Mwaka uliotangulia walikuwa wameteremka na Livingstone kutoka Unyanyembe, upande wa Tabora, kwa kufuata upande wa mashariki wa ziwa. Ukiitazama kwenye ramani, hiyo ndiyo njia ya mtu mwenye akili: ziwa liko mkono wa kulia, maji ya kunywa hayakosekani, na kupotea haiwezekani. Lakini sehemu kubwa ya mwambao ule haina ufukwe wa kutembea. Milima inaingia majini moja kwa moja, na kila kijito kinachotoka juu kimejichimbia korongo lake. Anayekwenda sambamba na ziwa hana budi kushuka kila korongo na kulipanda tena, kutwa nzima, kisha jioni akigeuka nyuma anakiona kilima alicholala jana. Wao waliyapita hayo katika joto la Oktoba na Novemba, wakiwa na mgonjwa.

Safari hii wakajitenga na ziwa. Wakashika upande wa mashariki, wakapanda nyanda za juu za Ufipa, wakaipita milima ambayo kumbukumbu za safari yao zinaiita Lambalamfipa. Njia ikawa nyepesi. Oktoba walikuwa Unyanyembe, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Susi na Chuma hawakuwa wahandisi, na njia ile hawakuibuni wao: Wafipa walikuwa wakiipita miaka mingi. Hata hivyo, uamuzi wao ni mahali pazuri pa kuanzia historia ya barabara za Mkoa wa Rukwa, kwa sababu karibu kila aliyekuja baada yao na mipango ya njia alikumbana na chaguo lilelile. Ama ukae mgongoni mwa nchi, maji yakukimbie pande zote mbili, ama uteremke upande mmojawapo ukapambane nayo.

Umbo la nchi yenyewe ndilo linaloleta shuruti hiyo. Ufipa ni pande la ardhi lililobaki juu wakati ardhi ya pande zote mbili ilipodidimia na kufanya bonde la ufa. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, uso wake ukiwa kwenye mwinuko wa takriban m 770 na kina chake kikifika m 1,470. Mashariki kuna Ziwa Rukwa, kwenye mwinuko wa takriban m 800, ziwa la kina kifupi na maji ya magadi. Katikati ya maziwa hayo mawili nchi imesimama: mji wa Sumbawanga uko juu ya m 1,700, na milima ya Mbizi iliyo jirani yake inapita m 2,400. Upande wa Rukwa ukuta wa bonde, Lyamba lya Mfipa, ni mkali kiasi kwamba aliye juu anayaona mashamba ya mpunga ya chini, na bado ana saa kadhaa za mguu kabla ya kuyafikia.

Ufipa, basi, ni kama paa la nyumba. Tone linaloanguka upande wa magharibi lina safari ndefu mbele yake: Tanganyika, kisha mto Lukuga, kisha Kongo, mwisho Bahari ya Atlantiki. Tone la mashariki halifiki baharini kamwe. Linaingia Rukwa, na Rukwa haina mlango wa kutokea. Maji yanayoingia humo hayana pa kwenda ila kupanda hewani kwa jua. Huo ndio mwenendo wa maji ya nchi za jangwa. Turkana iko hivyo, Natron na Eyasi ziko hivyo, hata Chad. Bonde la Rukwa si jangwa, maana lina mvua za kutosha mpunga, lakini mito yake ina tabia za mito ya jangwani: inafurika kwa kishindo wakati wa masika, inabeba mawe na mchanga, inapotelea kwenye tambarare, na huacha chumvi nyuma yake.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Miaka yapata 10,000 iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa ya mvua nyingi zaidi, Rukwa ilijaa hadi karibu m 180 juu ya ilivyo sasa, ikafurika kaskazini-magharibi na kumwagikia Tanganyika upande wa Karema. Baadaye ikashuka, mlango ukakauka, bonde likajifunga. Ardhi nayo haijatulia. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lenye ukubwa unaokadiriwa kuwa 7.4 liliitikisa nchi yote hii, na ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa Afrika Mashariki. Ufa wa Kanda, unaohusishwa na tetemeko hilo, umekatiza uwanda wenyewe wa Ufipa, na ngazi yake ya ardhi bado inaonekana. Mhandisi anayechora barabara huku anachora juu ya nchi ambayo kazi ya kuumbwa kwake inaendelea.

Kabla ya gurudumu, njia za Ufipa zilikuwa za mguu, na mguu una uhuru ambao gari halina. Mpagazi anaweza kuteremka ukingoni mwa kilima moja kwa moja, akishika mizizi, mzigo kichwani. Gari linahitaji mteremko wa taratibu, kona pana, na mahali pa kupishana. Ndiyo maana njia nyingi za zamani zilizouteremka ukuta wa Lyamba lya Mfipa hazikuja kuwa barabara. Zilikuwa njia za biashara hasa. Wafipa walikuwa mafundi wa chuma. Tanuri zao ndefu za udongo bado zinaonekana kama magofu sehemu mbalimbali za uwanda. Majembe yalishuka. Kutoka bondeni ikapanda nguo ya pamba iliyofumwa na watu wa Rukwa, na ikapanda chumvi. Kule Ivuna, kusini mwa ziwa, chumvi ilikuwa ikichemshwa kutoka kwenye chemchemi zaidi ya miaka 500 iliyopita, kama uchimbaji wa wanaakiolojia ulivyoonyesha.

Watawala nao walikaa juu. Milansi, dola kongwe katika masimulizi ya Wafipa, na zile za Nkansi na Lyangalile zilizokuja kugawana nchi, zote zilikuwa na vitovu vyao uwandani. Kule juu hapakuwa na msitu mkubwa wa kukata, mtu alimwona mgeni akiwa mbali, na kijiji hadi kijiji mtu alikwenda bila kuvuka mto wa kutisha. Njia ya mgongoni ilikuwa pia njia ya hatari, ni kweli. Wangoni wa Zwangendaba waliingia Ufipa katika miaka ya 1840, na ni hukuhuku kiongozi wao alikofia. Njia nyepesi ni nyepesi kwa kila mtu.

Mwaka 1880 Chuma alirudi Ufipa. Safari hii alikuwa mkuu wa msafara wa Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyebebeshwa uongozi baada ya bosi wake, Keith Johnston, kufia Behobeho mwaka 1879. Thomson alikuwa ametoka kuuona mto Lukuga, na alichokiona kule kinahusu moja kwa moja njia za mwambao. Miaka michache nyuma, mwaka 1876, mpelelezi Stanley aliukuta mlango wa Lukuga umezibwa na matope na matete. Ziwa lilikuwa likipanda. Yapata mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Maji yakatoka, na katika muda wa miaka kama 15 iliyofuata Tanganyika ikashuka kwa karibu m 10. Fikiria maana yake kwa mtu mwenye bandari: palipokuwa na maji pakawa na mchanga, na njia iliyopita juu ya mwamba ikaweza kuteremshwa ufukweni. Ziwa ambalo wengi hulichukulia kuwa kitu kisichobadilika liliwahi kuwa, kwa muda, bonde lisilo na mlango kama jirani yake.

Thomson akapanda Ufipa, akapita kwa mtawala Kapufi, na kutoka ukingoni mwa ukuta akaiona Rukwa chini. Akaipa jina la Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Jina hilo halikudumu, na sioni sababu ya kulililia. Cha kukumbukwa ni mahali aliposimama: alilitazama ziwa kwa mbali kutoka juu, akaendelea na safari yake kuelekea Tabora. Hata mpelelezi mwenye hamu ya sifa hakuona haja ya kushuka.

Mwaka uliofuata, 1881, suala la barabara likahamia kusini kidogo. Mfanyabiashara James Stevenson wa Glasgow alitoa fedha ili ikatwe barabara kutoka Karonga, kwenye Ziwa Nyasa, hadi Tanganyika. Mhandisi James Stewart akaanza kazi, akafia hukohuko mwaka 1883, na barabara haikupata kukamilika kama ilivyokusudiwa. Lakini barabara isiyokamilika iliweza kugawa nchi. Wajerumani na Waingereza walipotiliana saini mkataba wa 1890, Waingereza walihakikisha Barabara ya Stevenson inabaki upande wao. Mpaka ukawekwa kaskazini yake na ukaegemezwa kwenye mito: Songwe upande wa Nyasa, na Kalambo upande wa Tanganyika. Mto Kalambo wenyewe unaonyesha vizuri jinsi nchi ilivyo kali upande huo. Unatoka juu kwa utulivu, unafika ukingoni, na unaanguka zaidi ya m 200 kwa mkupuo mmoja. Barabara ipi ingeufuata?

Kwa hiyo Ufipa ikawa pembe ya mwisho ya koloni la Wajerumani, ikiwa na barabara ya maana nje kidogo ya mlango wake, mikononi mwa mshindani. Wajerumani wakageukia maji. Walijenga boma lao Kasanga, kwenye ghuba ya kusini ya ziwa, wakaliita Bismarckburg. Kwa mantiki ya wakati ule walikuwa sahihi: askari, barua na mizigo vilisafiri ziwani, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ziwa likawa kiungo cha reli hiyo. Meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa vipande vipande, ikaingizwa majini Kigoma mwaka 1915. Hiyo ndiyo Liemba ya leo, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927.

Ila boma la ziwani linatawala ziwa. Wafipa walio wengi walikuwa juu, m 900 na zaidi juu ya bendera ya Kaiser, na kila kodi, kila mfungwa na kila gunia la nafaka lililazimika kuupita mteremko. Mwambao nao ukaanza kukimbiwa: malale yaliingia kando ya Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20. Juni 1916 majeshi yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini yaliliteka boma, na askari wake wakaponyoka. Bismarckburg ikapata sura moja zaidi katika historia: Novemba 1918, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo ni Mbala ya sasa, watu wake walitembezwa hadi hapo, wakapakiwa melini kwenda Kigoma.

Waingereza waliliacha boma la ziwani na kuyapandisha makao ya wilaya ya Ufipa juu, na mwishowe yakatulia Sumbawanga. Watu hutoa sababu za afya: juu kuna baridi, mbu si wengi. Sababu hiyo ni ya kweli, ila nadhani ya njia ilikuwa na uzito zaidi. Zama za gari zilikuwa zimefika, na gari halikuitaka Kasanga. Kutoka Sumbawanga unaweza kwenda kusini hadi Tunduma na kaskazini hadi Namanyere bila kuuteremka ukuta wa bonde upande wowote. Kizuizi kikubwa upande wa kusini ni mto Momba, unaotoka upande wa Zambia kwenda Rukwa. Huo huna pa kuukwepa. Kwingineko barabara inachagua miinuko, inazunguka vyanzo vya vijito kabla havijawa mito, na inaridhika kuwa ndefu kidogo ili iwe na madaraja machache. Ilikuwa barabara ya udongo, iliyochongwa kwa majembe, mara nyingi na watu walioshindwa kulipa kodi. Masika iliteleza. Lakini ilikuwapo mwaka hadi mwaka, na huo ndio ushindi wa barabara ya mgongoni: hata ikiharibika, inaharibika palepale ilipo. Haihami.

Ya bondeni huhama. Rukwa ni ziwa linalotembea. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama km 50 tu. Miaka 10 baadaye lilikuwa limepita km 120. Kufikia 1949 sehemu kubwa ilikuwa imekauka tena, na kwenye tambarare zilizobaki wazi nzige wekundu walizaliana kwa makundi. Bonde hili lilikuwa moja ya mazalia yao makuu, na shirika la kimataifa la kupambana nao likaweka makao yake Abercorn. Miaka ya 1960 maji yakapanda upya. Mtu aliyekata njia kando ya ziwa mwaka 1949 angeikuta chini ya viboko miaka 15 baadaye.

Nafasi kubwa zilizofuata ziliipita Ufipa kando. Mwaka 1950 reli ya tawi ilifika Mpanda kutoka Kaliua, kwa ajili ya madini ya risasi, ikaishia hapo. Miaka ya 1970 barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zikapita Tunduma, kwenye kona ya kusini-mashariki. Ramani ya nchi ikawa na pete ya usafiri, na Ufipa tundu katikati yake: reli kaskazini, reli na lami kusini, meli magharibi.

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na karibu wakati huohuo serikali ikaweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Hapa ndipo historia ya barabara inapokutana na mfuko wa mkulima. Kwa bei ile, gunia la Laela lilimlipa mkulima sawa na gunia la Morogoro, na gharama ya kulivusha kilomita mia kadhaa za vumbi na tope ilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Wafipa wakalima. Rukwa ikaingia katika ile mikoa minne inayotajwa pamoja kama ghala la nchi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Nchi ilikuwa inalipia jiografia ya Ufipa bila kuitaja. Mfumo huo ulipolegezwa katika miaka ya 1980, gharama ikarudi kwa mwenyewe: mfanyabiashara wa lori akaanza kupiga hesabu ya dizeli, matairi na siku za kukwama, na kilichobaki ndicho kilichokuwa bei ya shambani. Wapo wanaosema bei moja ilikuwa kosa la kiuchumi. Huenda. Lakini kwa mkulima wa Rukwa ilikuwa barabara ya lami iliyojengwa kwa karatasi.

Ile ya lami ya kweli ilichelewa. Februari 2008 Marais Kikwete na Bush walishuhudia Dar es Salaam utiaji saini wa mkataba wa dola milioni 698 kutoka mfuko wa Marekani wa MCC, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yapata km 223. Wakati huohuo serikali ikaanza kusukuma lami kutoka Sumbawanga kwenda Kanazi, Kizi na Kibaoni, kuelekea Mpanda. Nyingine ikateremka kwenda Matai na bandari ya Kasanga, ambako saruji hupakiwa kwenda Kongo. Ukiitazama njia kuu hii ya kusini hadi kaskazini, inakaa palepale, karibu na ile ya udongo. Mashine zilibadilika, vipimo vikafanywa kwa setilaiti, na jibu likawa lilelile.

Kipande kigumu cha Rukwa leo ni kile ambacho watu wa nje hawakioni: zile barabara zinazoutoka mgongo kwenda mashariki. Bondeni kuna Muze, Mtowisa, Ilemba na Kilyamatundu. Kuna mpunga, ufuta, samaki wa Rukwa, na ng'ombe wengi waliokuja na wafugaji kutoka Usukuma. Bonde linakua, na barabara yake iko chini ya ukuta.

Chukua ile ya Ntendo kwenda Muze. Inaiacha lami kaskazini mwa mji, inakwenda kwa upole kati ya mashamba ya mahindi na alizeti, halafu ardhi inaisha. Kuanzia hapo ni kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine hewa. Adui wa barabara ya namna hii ni mtaro wa upande wa mlima, wala si korongo linalomtisha abiria. Maji yote ya mvua yanayotoka juu yanatakiwa yaingie mtaroni, yakimbie sambamba na barabara hadi kwenye kalavati, yapite chini yatokee upande wa pili. Jiwe moja likidondoka mtaroni usiku, maji yanapanda barabarani. Yakishapanda, yanateremka na barabara yenyewe, yakichimba mfereji kwenye alama ya tairi, na kwenye kona yanaacha kukunja: yanaendelea moja kwa moja, yanaondoka na ukingo. Asubuhi utingo anashuka na kabari yake mkononi kukagua, dereva amekanyaga breki, abiria wameshuka wanatembea. Kona iliyochukua wiki kujengwa imekwenda kwa saa moja. Ndiyo maana fundi mwenye sepeto, anayesafisha mitaro kabla ya Novemba, ana thamani kuliko greda linalokuja Mei.

Ukifika chini tatizo linageuka sura. Mito ya ukuta huu ni mifupi na mikali: inashuka karibu m 1,000 kwa kilomita chache, kisha ghafla inakuta tambarare. Nguvu inakwisha hapo hapo, na mto unatua kila ulichobeba, mawe kwanza, changarawe, kisha mchanga. Mwaka hadi mwaka kitanda chake kinainuka hadi kinakuwa juu kuliko ardhi ya kando. Siku ya mvua kubwa mto unatafuta pa chini, unahama. Tembea barabara ya chini ya ukuta mwezi wa Septemba utaona kalavati lililojaa mchanga hadi nusu ya mdomo, kavu kabisa, majani yameota ndani. Na hatua mia mbele, pasipo na kalavati lolote, tuta la barabara limekatwa kama kwa msumeno. Ujenzi ulifuata kanuni. Mto ndio uliobadilisha anwani.

Watu wa barabara wanajua. Ndiyo maana sehemu nyingi hawajengi daraja, wanamwaga drifti: kitanda cha zege kilichowekwa usawa wa mto, ili mafuriko yapite juu yake, na mchanga upite nayo. Kwa saa chache magari yanasubiri, kisha yanavuka. Mwanasiasa hapendi drifti kwa sababu haifunguliwi kwa utepe na haina urefu wa kutangaza. Ningekuwa na kura, ningeipigia. Daraja linahitaji mto unaokubali kukaa chini yake, na mito ya Rukwa haijatoa ahadi hiyo.

Mbali zaidi na ukuta, kuelekea ziwani, mito imetawanyika na mawe hayafiki. Lakini huko kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kiasi kwamba tuta lililokuwa sawa Agosti linakuwa na mawimbi Machi. Na kuna ziwa lenyewe, lenye historia yake ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo barabara ya bondeni imebanwa kwenye ukanda mwembamba: ikisogea magharibi inaliwa na mawe, ikisogea mashariki inaliwa na tope. Ilipo sasa, chini kidogo ya miguu ya ukuta, ni mahali pa mapatano. Inaikata mito yote, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hakuna mstari unaokwenda kusini hadi kaskazini bondeni bila kuikata yote.

Momba ni kesi ya pekee, mto mkubwa wenye maji ya mwaka mzima, na hapo daraja lilistahili. Lile la Kamsamba lilifunguliwa mwaka 2019, na gari linaweza kutoka Mlowo, kwenye barabara kuu ya Zambia, likavuka hadi Kilyamatundu bila kuipanda Ufipa. Kwa mpunga wa kusini mwa bonde hilo ni soko jipya la Mbeya na Songwe. Kwa aliye Muze au Mtowisa, kati yake na daraja hilo kuna mito mingine yote. Mwezi wa Februari mwenye lori anapiga simu mbili kabla ya kupakia, moja kuuliza hali ya drifti za kusini, nyingine kuuliza hali ya kona za Ntendo. Mara nyingi anaamua kupanda. Mlima unakula dizeli na breki, lakini ukishafika juu kuna lami.